Darubini nzima, nchi inabiringika: kisa cha dereva-mwongozo mmoja

Aliifungua kutoka kwenye kitenge taratibu, kama mtu anayefungua kidonda, akaiweka juu ya meza yangu ya kazi. "Fundi, iangalie vizuri. Nadhani ilishaanguka kabla sijapewa mimi."

Ilikuwa darubini ya macho mawili, 10x42 (inakuza mara 10, lenzi za mbele zina upana wa milimita 42), mpya kabisa, ya bei ambayo wengi wetu hatuifikii. Mgeni aliyezunguka naye siku 9 alimwachia siku ya kuondoka. Mwenye darubini ni dereva-mwongozo wa miaka zaidi ya 20, mkubwa wangu kwa umri, na macho yake nayaheshimu. Huyu ni mtu anayeona ncha ya sikio la duma kwenye nyasi ambako sisi wengine tunaona nyasi. Kwa hiyo aliposema ina ugonjwa, sikuwaza kwamba hajui kuitumia.

Malalamiko yake yalikuwa hivi. Akimwangalia mnyama mmoja aliyetulia, hajawahi kuona picha safi kama ile, hadi kope za twiga. Lakini akianza kupekua tambarare za Ndutu, kushoto kwenda kulia, gari limesimama na yeye kasimama kwenye paa lililoinuliwa, nchi inabiringika. "Ni kama nimebandika uso kwenye mpira mkubwa halafu mtu anauzungusha." Baada ya nusu saa anapata kichefuchefu, yeye ambaye ameendesha barabara za mbugani nusu ya umri wake bila kujua kizunguzungu cha safari ni nini. Akirudi kwenye darubini yake kuukuu ya 8x30, ile yenye mabega mapana, anapekua asubuhi nzima na hana shida yoyote.

Nilianza pale fundi yeyote angeanza: mirija miwili kutotazama upande mmoja. Darubini ikianguka, prizimu, vile vipande vya kioo vya ndani vinavyoigeuza picha, husogea kidogo kwenye kiti chake. Jicho la kushoto linapelekwa kwake, la kulia kwake, na ubongo unalazimika kuzivuta picha mbili zikutane. Kazi hiyo huleta maumivu ya kichwa na kichefuchefu hata kama mtazamaji haoni picha mbili waziwazi. Niliitazamisha kwenye mnara wa simu ulio mbali, nikaiondoa polepole machoni ili nione kama picha zinaachana. Hazikuachana. Usiku nikaielekeza kwenye nyota angavu na kuharibu fokasi ya upande wa kulia hadi nyota ikawa duara hafifu. Nyota kali ya jicho la kushoto ilikaa ndani ya duara hilo, katikati. Prizimu zilikuwa mahali pake. Pete ya kurekebisha jicho la kulia nilikuta bado imeachwa kwa macho ya yule mgeni, nikairudisha kwa macho ya mwenyewe. Kesho yake akaijaribu barabarani mbele ya duka. Macho hayachoki tena, alisema, ila nchi bado inabiringika.

Sasa nikamwomba ile kuukuu, tukatoka nje na zote mbili. Ng'ambo ya barabara jirani yangu ana uzio wa mabati, migongo yake imesimama wima kwa nafasi sawa, na pembeni kuna nguzo ya umeme. Kwa kazi hii sijapata kipimo bora kuliko uzio wa mabati. Niliiweka nguzo kwenye ukingo wa kushoto wa picha ya ile kuukuu. Ikapinda kama upinde, tumbo lake likaingia kuelekea katikati ya picha, ncha zikatoka nje. Nikaiweka nguzo hiyohiyo kwenye ukingo wa ile mpya. Imenyooka kama timazi.

Hapo ndipo kisa kilipoanza kunivutia kweli. Ile inayopinda nguzo ndiyo anayoipenda. Ile inayosema kweli kuhusu nguzo ndiyo inayomtapisha.

Kabla sijaendelea niyape majina mambo haya mawili. Mtu akiiwamba ngozi ya ng'ombe juani kwa vigingi vinne vya pembeni, pembe huvutika nje na pande zote nne hubonyea ndani. Picha ya mraba ikitoka na umbo hilo, nitauita upindaji wa ngozi. Kinyume chake, pande zikitutumka nje, ni upindaji wa pipa. Kote kuwili, mstari unaopita katikati kabisa ya picha haupindi. Kinachopinda ni kile kilicho mbali na katikati, na kadiri kinavyokaribia ukingo ndivyo kinavyozidi. Wala upindaji si ukungu. Picha inaweza kupinda na bado ikawa kali hadi ukingoni, au ikanyooka na ukingo ukawa na ukungu. Watu wengi huyachanganya haya, na wauzaji hawasaidii.

Tulirudi kwenye uzio. Safari hii sikuitazama nguzo imesimama, niliigeuza darubini taratibu kama yeye anavyopekua mbuga. Kwenye ile kuukuu migongo ya mabati ilipita kwa mwendo mmoja, ikaingia upande huu na kutoka upande ule bila haraka wala kuchelewa. Kwenye ile mpya ilipita kwa kasi katikati, ikapunguza mwendo ilipokaribia ukingo, ikasongamana na kuwa myembamba. Ni vilevile unavyoona ukitazama tangi la maji la plastiki likizungushwa: mbavu za mbele zina nafasi, za pembeni zimebanana kwa sababu zinaanza kukupa kisogo. Mzee hakuwa anabuni. Uzio ulionyooka ulionekana umebandikwa kwenye tufe linalozunguka. Wajerumani, waliolichunguza jambo hili kabla ya wengi, wana jina lake ambalo kwa Kiswahili ni athari ya tufe.

Kwa nini lenzi isiyopinda mstari izalishe tufe? Tupige hesabu kidogo, si ngumu. Darubini ile ina uwanja halisi (pembe ya nchi inayoingia kwenye picha) wa nyuzi 6.5, yaani kutoka katikati hadi ukingoni ni nyuzi 3.25. Ili kila mstari ulionyooka ubaki umenyooka, sharti ni kwamba tanjenti ya pembe unayoiona iwe mara 10 ya tanjenti ya pembe halisi. Ukifuata sharti hilo, ukingo unaangukia kwenye nyuzi 29.6. Lakini mara 10 ya 3.25 ni 32.5. Karibu nyuzi 3 zimeminywa kila upande. Nyumbu aliye katikati ya picha anakuzwa mara 10 kwa upana na kwa kimo. Akifika ukingo wa kulia, kimo chake kinakuzwa mara 8.7 na upana mara 7.6 tu. Amepungua, tena amekondeshwa. Mwendo wake machoni nao unapungua kwa kiwango hichohicho cha upana.

Kuna sharti la pili, ambalo mtengenezaji anaweza kulichagua badala ya hilo: pembe yenyewe, siyo tanjenti yake, ndiyo izidishwe mara 10. Hapo nyumbu wa ukingoni anabaki na upana wake wa mara 10, kimo kinashuka kidogo hadi mara 9.5, na mwendo wake ni ule ule toka mwanzo hadi mwisho. Gharama yake ni mistari: nguzo inapinda kama ngozi iliyowambwa. Huwezi kuyapata yote mawili. Hii si dosari ya kiwanda wala ubahili wa mtu. Ukiikuza dunia, lazima uchague kuhifadhi mistari au kuhifadhi pembe. (Tofauti hiyohiyo ndiyo inayowachanganya wanunuzi kwenye karatasi za maelezo: darubini ileile inaweza kuandikwa nyuzi 65 za uwanja unaoonekana kwa hesabu rahisi ya kuzidisha, au 59 kwa kanuni ya tanjenti inayotumiwa na kiwango cha kimataifa cha ISO 14132.)

Uchaguzi huo ulifanywa kwa makusudi kabisa. Mwaka 1949 August Sonnefeld, mtaalamu wa lenzi wa kampuni ya Kijerumani ya Zeiss, aliandika kwamba chombo kinachotumiwa na jicho linalosogea hakipaswi kupimwa kama lenzi ya kamera, na akatetea kuingizwa kwa upindaji wa ngozi ili kuituliza picha pale darubini inapogeuzwa. Miaka 3 kabla yake Horst Slevogt alikuwa ameshaandika kuhusu swali hilohilo: nini maana ya upindaji kwa chombo cha kutazamia. Watengenezaji wengi wakafuata njia hiyo kwa miongo mingi. Mtu aliyejifunza kupekua kwa darubini ya zama hizo ameyazoesha macho yake kwa dunia inayopinda kidogo ukingoni na kupita kwa mwendo sawa. Baadaye zilikuja darubini za bei ya juu zenye lenzi za kunyoosha uwanja, kali hadi ukingoni, na baadhi yake zina upindaji mdogo sana. Zilisifiwa sana, na pamoja na sifa yakaja malalamiko ya watu waliosema dunia inabiringika.

Ningeweza kuishia hapo. Ila maelezo hayo yalikuwa na tundu, na lilinisumbua kwa siku kadhaa. Lori likipita mbele yako limebeba mabati yaliyosimamishwa, migongo ya mbele yako ina nafasi na ile ya mbali pembeni inabanana machoni. Ni minyo ileile ya tanjenti. Lakini hakuna anayeliona lori kama tufe. Ubongo unajua ni kitu bapa kinachopita, na ile minyo unaihesabu kuwa ni umbali. Kama ni hivyo, mbona picha bapa ya darubini isionekane bapa?

Jibu lililoniridhisha linaanzia kwa Hermann von Helmholtz, kwenye kitabu chake kikubwa cha fiziolojia ya kuona kilichokamilika mwaka 1867. Alichora ubao wa miraba myeusi na myeupe, kama wa drafti, lakini akaipinda mistari yake kama ngozi iliyowambwa, na kuzidi kadiri inavyokwenda nje. Ukiusogelea ubao huo mkubwa, ukafumba jicho moja na kulikaza jingine katikati bila kulisogeza, mistari ya pembeni huonekana imenyooka. Maana yake ni nzito: pembeni mwa uwanja wetu wa kuona, kilichonyooka kweli tunakiona kimetutumka kidogo kama pipa. Hatuligundui hilo maishani kwa sababu kila tunachotaka kukijua tunakigeukia na kukitazama kwa katikati ya jicho.

Mwaka 2010 mwanafizikia wa Ujerumani, Holger Merlitz, aliyaunganisha haya mawili. Kwa maelezo yake, tufe haliko kwenye darubini peke yake. Darubini isiyopinda inatoa picha bapa, kichwa cha mtazamaji kinaongeza pipa lake, na pipa likianza kusogea tunaliona kama tufe linalozunguka. Upindaji wa ngozi uliowekwa na mtengenezaji unafanya kazi ya kulifuta pipa la kichwani. Ukitiwa kidogo mno, nchi inabiringika kama mpira. Ukizidishwa, inageuka upande wa pili, unahisi unazungusha bakuli na wewe uko ndani yake. Katikati kuna kiasi kinachotuliza.

Kiasi hicho si kimoja kwa watu wote. Watafiti wa Uholanzi waliourudia ubao wa Helmholtz mwaka 2009 walikuta wastani mdogo kuliko aliouchora yeye, na tofauti kubwa kati ya mtu na mtu: huyu pipa lake ni kubwa, yule karibu hana. Nilipofika hapo nilijua nahitaji macho ya mtu mwingine.

Mzee alikuja na kijana anayemfundisha kazi, wa miaka 25 hivi, ambaye hajawahi kumiliki darubini. Nikampa ile mpya, nikamwambia apekue uzio na kisha miti ya mbali kuelekea Mlima Meru. "Shwari tu, mzee wangu," alimjibu mwalimu wake, "sioni kinachobiringika." Tukampa ile kuukuu. Akageuza mara mbili, akaishusha. "Hii ndiyo inayumba. Kama inanizunguka." Mzee alimtazama, akanitazama, akaichukua kuukuu yake na kuipekua barabara nzima upya. Kwake ilikuwa imetulia kama siku zote.

Sitaki kulipa jaribio la watu wawili uzito lisilokuwa nao. Kijana hana mazoea ya chombo chochote, mzee ana miaka zaidi ya 20 ya chombo kimoja, na siwezi kutenganisha maumbile ya macho yao na mazoea yao. Darubini zenyewe pia hazilingani kwa ukuzaji, na ile ya 8x ina ukungu kidogo ukingoni unaoficha mengi. Jicho lisilopata alama kali pembeni halina cha kuhesabia mwendo. Ila nilishuhudia chombo kimoja, uzio mmoja, dakika ileile, kikitoa dunia mbili, na wote wawili walikuwa wakieleza kwa uaminifu walichokiona. Jambo hili nalitilia mkazo kwa sababu nimeona mara nyingi mteja akielezwa na muuzaji kwamba anajisikia vibaya kwa kuwa hajazoea vitu vizuri. Hilo ni kosa, tena linamuumiza mtu anayetegemea macho yake kupata mkate.

Kichefuchefu nacho kina sababu. Sikio la ndani linamwambia mzee kwamba kichwa kinageuka polepole kwa mlalo. Macho yanamwambia kwamba ardhi inajikunja na kuzama pande zote mbili. Taarifa mbili zisipopatana, tumbo ndilo linalolipa, kama kwa abiria anayesoma ndani ya basi. Yeyote aliyewahi kuvaa miwani mipya yenye nguvu anaijua hali hii: siku za kwanza sakafu inapanda, ngazi zinasogea, unanyanyua mguu juu kupita kiasi. Baada ya wiki sakafu inatulia, na miwani ni ileile. Mmarekani George Stratton alilisukuma jambo hili mbali zaidi mwishoni mwa miaka ya 1890, akavaa kwa siku kadhaa lenzi zilizoipindua dunia juu chini, na akaweza kutembea na kufanya kazi zake. Kichwa hujifunza. Lakini aliyevaa miwani anakaa nayo kutwa, wakati darubini unaiinua na kuishusha mara mia kwa siku, na kila ukiishusha unarudi kwenye dunia isiyokuzwa.

Kwa hiyo nilimpa mzee mambo ya kufanya badala ya matengenezo, kwa sababu cha kutengeneza hakikuwepo. Nilimwambia apekue kwa kuruka: asimamishe darubini, aipekue picha kwa macho yake, aigeuze hadi kipande kinachofuata, asimame tena. Tufe huonekana picha inaposogea, ikisimama linatoweka. Wakati wa kuhama alaze macho katikati, asiyaache yafuate ukingo. Na aiweke mistari mirefu ya nchi, hasa upeo wa macho, katikati ya picha, maana hapo mstari hupita ulionyooka kwenye darubini ya aina yoyote. Hili la mwisho linafaa zaidi kwa ile kuukuu: ukiuacha upeo wa Ndutu ukaribie ukingo wa juu, unakaa kama kamba ya nguo iliyolegea.

Mbugani, kusema kweli, kupinda kwa mistari hakumdhuru mtu. Nyasi hazina mstari, mgunga hauna, kundi la nyumbu halina. Ningekuwa nachagua chombo cha mkaguzi wa majengo, au cha mtu anayehesabu makontena bandarini, ningesema chukua ile inayonyoosha nguzo. Kwa mtu anayepekua tambarare saa 4 kwa siku, ningemwambia ajaribu kwanza kugeuza.

Alirudi baada ya wiki 3. Kuruka kumesaidia, kichefuchefu kimekwisha, mbiringiko umepungua hadi anausikia asubuhi ya kwanza tu baada ya siku za mapumziko. Hata hivyo tambarare bado anazipekua kwa ile kuukuu, na sikumbishia. Alichokuja nacho safari hii ni hiyo kuukuu yenyewe. Nikaifungua, nikaondoa kuvu iliyoota kwenye prizimu ya kushoto, nikakaza bawaba iliyolegea, nikaipima tena kwa nyota usiku huo. Sasa kwenye gari lake zinakaa mbili: kuukuu juu ya dashibodi kwa kutafuta, na mpya ndani ya kitenge chake kwa kuhakikisha kilichopatikana. Kijana naye akiomba ya kupekulia, anapewa ile mpya.